Uthamini wa Haraka Huanza Kabla ya Mthamini Kufika

Nyumba ikishawekewa namba ya uthamini ukutani, mwenyewe hafukuzwi siku hiyo. Huendelea kulala humo, kupika humo na kupokea wageni humo. Anachokatazwa ni kuiendeleza. Ukuta ukipata ufa, huuziba kwa udongo na kungoja. Bati likitoboka, hutafuta kiraka. Kijana wake akifikia umri wa kuoa, baba hajui kama amjengee bomani kama desturi ilivyo, au angoje mpaka ijulikane boma litahamia wapi. Msimu wa mvua unapofika, mkulima anajiuliza kama kupanda migomba katika shamba lake mwenyewe ni kilimo au ni kosa.

Hayo ni maisha yanayofahamika vizuri katika Kata ya Kemambo, wilayani Tarime, na katika kata jirani zinazouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, kilomita ishirini hivi kutoka mpaka wa Kenya. Hali hiyo ikidumu miezi mitatu, ni usumbufu unaovumilika. Ikidumu miaka, familia huanza kudhoofika bila kuguswa na mtu, kwa sababu haiwezi kujenga, haiwezi kuhama na haiwezi kukopa.

Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 2002. Umepita katika mikono ya makampuni kadhaa, na tangu mwaka 2019 unaendeshwa na Barrick kwa ubia na Serikali, ambayo ina hisa asilimia 16. Jambo hili la hisa si dogo katika mazungumzo ya fidia, kwa maana Serikali si mwamuzi tu tena. Ni mmoja wa wanaofaidika na ardhi inayochukuliwa, na kwa hiyo watumishi wake wana sababu mara mbili za kuhakikisha kwamba kazi inakwenda sawa. Mashimo ya Nyabirama na Gokona, vifusi vya mawe na bwawa la mabaki ya uchenjuaji vyote vinakula ardhi, na kila vinapopanuka mthamini huja tena. Mwaka 2020 fidia ya mabilioni ya shilingi ilianza kulipwa kwa wananchi zaidi ya elfu moja wa eneo la Nyamongo, baada ya mvutano wa miaka mingi ambao ulihitaji viongozi wa kitaifa kuingilia kati. Malipo yale yaliwapa wengi nafuu. Lakini mtu mwenye kufikiri hawezi kuacha kuuliza kwa nini kazi ya kupima nyumba za udongo na mabati, na kuhesabu migomba na mihogo, ihitaji mkono wa waziri ili ikamilike.

Sheria haina upungufu mkubwa katika jambo hili. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaagiza fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huo huo inataka aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kuilipa vikubaliwe kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa. Kanuni za mwaka 2001 zinaeleza kilichomo ndani ya fidia: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya nyumba ya miezi thelathini na sita, posho ya usafiri wa mizigo ya tani kumi na mbili kwa umbali wa kilomita ishirini, na faida itakayopotea kwa mwenye biashara. Hata makaburi yana sheria yake, ya mwaka 1969. Ni wananchi wachache waliowahi kusomewa orodha hii kwa utulivu kabla ya kutia sahihi, na hilo ni jambo la kurudiwa baadaye.

Wako wanaodhani kwamba uthamini huchelewa kwa sababu wathamini ni wachache na wavivu. Ni kweli wathamini ni wachache. Lakini nyumba ya vyumba vitatu haihitaji nusu siku kupimwa. Mthamini hufika akiwa na mwenye mali, mwenyekiti na mtendaji. Hupima urefu na upana, huandika aina ya kuta, paa, sakafu na milango, huhesabu miti na mazao, humpiga picha mwenye mali mbele ya mali yake, kisha fomu hutiwa sahihi. Kazi hiyo haiwezi kumaliza mwaka. Mwaka unamalizwa na mambo mawili: maswali ambayo hayakujibiwa kabla mthamini hajafika, na meza ambazo jalada hulala juu yake baada ya yeye kuondoka.

Swali la kwanza ni jina. Anayefanya kazi ofisini mjini anaweza kucheka akiambiwa kwamba jina linaweza kuchelewesha fidia, lakini aliyefundisha shule yoyote ya Ukuryani hatacheka. Katika kijiji kimoja wako akina Chacha Mwita wanne na akina Mwita Chacha watano. Mmoja ameandikishwa shuleni kwa jina la ubatizo, anaitwa na rika lake kwa jina jingine, kitambulisho cha taifa kina jina la babu ambalo cheti cha kuzaliwa hakina, na akaunti ya benki ilifunguliwa kwa herufi nyingine. Wanawake nao ni akina Bhoke na akina Robi wasiohesabika, na baadhi huandikwa kwa jina la baba mahali pamoja na kwa jina la mume mahali pengine. Karani wa uthamini aliyetoka mbali, akiandika haraka chini ya jua, akageuza Mwita Chacha kuwa Chacha Mwita, amekwisha mwondoa mtu katika nyumba yake na kumweka mwingine. Kosa hilo halionekani siku ya kupima. Huonekana siku ya kulipwa, pale benki inaposema jina la kwenye jedwali la fidia si la mwenye akaunti. Hapo zinaanza barua za utambulisho, viapo mahakamani, nauli za kwenda na kurudi, na mara nyingine anajitokeza Chacha Mwita wa kweli akidai kwamba nyumba ni yake.

Kuna daftari moja katika kila kijiji ambalo lingeweza kupunguza sana tatizo hili, nalo liko mikononi mwa walimu. Ni daftari la uandikishaji wa wanafunzi. Humo mna jina la mtoto, jina la mzazi au mlezi, kitongoji anakotoka na mwaka aliopokelewa. Mwalimu mkuu aliyeombwa kwa barua rasmi ya mtendaji anaweza kukaa na wenyeviti wa vitongoji kwa siku chache na kulinganisha majina ya wakuu wa kaya zilizomo katika eneo litakalochukuliwa. Kazi hiyo ifanywe wiki kadhaa kabla ya uthamini, na kila mwenye mali aambiwe mapema alete kitambulisho ambacho jina lake ni lile lile la akaunti ya benki. Ambaye hana, asaidiwe kukipata wakati angali na nafasi. Si kazi ya kitaalamu, wala haihitaji bajeti mpya. Inahitaji mtendaji anayetazama mbele.

Balozi wa shina naye hana mahali pa kutia sahihi katika fomu ya mthamini, na ni sawa kwamba hana. Hata hivyo hakuna mtu anayejua kuliko yeye nani alilala wapi msimu uliopita. Mwenyekiti wa kitongoji mwenye busara atamwuliza, na atawauliza pia wazee wa vyama vingine na wasio na chama, maana mpaka wa shamba hauna kadi.

Swali la pili ni zito kuliko la jina, na ndilo linaloleta machozi. Ni swali la nani mwenye mali. Fomu ina nafasi ya mwenye mali mmoja. Boma la Wakurya halikujengwa hivyo. Mume mwenye wake watatu ana nyumba tatu, na kwa desturi kila nyumba ina mashamba yake, ghala lake na watoto wake watakaorithi kwa upande wa mama yao. Mume ni mkuu wa boma, lakini hakuna mzee anayeheshimika ambaye angelichukua shamba la nyumba ndogo na kulipa nyumba kubwa bila ugomvi. Isitoshe, yapo maboma yanayoongozwa na mwanamke asiye na mume, aliyeoa mke kwa mahari ya ng'ombe ili apate watoto wa kuendeleza nyumba yake. Ndiyo inayoitwa nyumba ntobhu. Mthamini asiyeijua desturi hii humwuliza mwanamke huyo yuko wapi mume wake, naye hujibu kwamba yeye ndiye. Kalamu husimama.

Karani anayetaka kwenda haraka huandika kila kitu kwa jina la mume na kusonga mbele. Kwa siku hiyo amekwenda kasi. Miezi sita baadaye mke wa pili yuko mbele ya baraza la ardhi, watoto wa mke wa kwanza wamegawanyika, na malipo ya boma zima yamezuiliwa. Tena si desturi tu iliyovunjwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuitoa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo dakika ishirini alizookoa karani zimewagharimu wengine mwaka, na zimemgharimu mwanamke mmoja heshima yake bomani, kitu ambacho jedwali la fidia halina safu ya kukiandika.

Dawa yake ni boma kuketi kabla mthamini hajaja. Mume, wake na vijana waliokwisha jengewa wakubaliane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mzee mmoja wa ukoo kwamba nyumba hii na shamba hili ni la fulani, kisha waandike karatasi moja, kila mtu atie dole au sahihi. Pale ambapo hawakubaliani, ni heri ijulikane mapema, shauri lipelekwe baraza la ardhi la kijiji, na mthamini aipime mali hiyo na kuiandika kwamba ina mgogoro, badala ya mgogoro wa boma moja kuyafunga maboma mia. Vijiji vilivyotoa hati za hakimiliki ya kimila, na kuziandika kwa jina la mke pale mke alipostahili, vitaona faida yake siku hiyo. Ambavyo havijatoa vina sababu ya kuanza sasa, kabla alama za rangi hazijafika.

Liko jambo la tatu, na hapa hapana budi kusemwa bila kuficha. Watu wa Nyamongo wana neno lake: tegesha. Ni kujenga vibanda kwa usiku mmoja, au kupanda miche iliyobanana kama nywele, mahali ambapo inasemekana mgodi utapachukua, ili mthamini akute mali. Kibanda cha tegesha hakina jiko, hakina njia iliyokanyagwa, hakina jirani anayekijua. Kinakula fedha za walipaji, kinamchosha mthamini, na zaidi ya yote kinamtia mwananchi wa kweli katika shaka, kwa sababu mwenye boma la miaka arobaini hujikuta akihojiwa kama mwizi kwa kuwa jirani yake ni mwizi.

Ni rahisi kuwalaumu wanakijiji. Lakini mkulima maskini hana fedha za kununua mabati ya vibanda kumi kwa mara moja. Mabati hayo hutoka kwa mtu mwenye kipato, mara nyingi mtu wa nje, aliyepenyezewa habari kwamba eneo fulani litapimwa. Na habari hiyo haitoki mashambani, hutoka ofisini. Mtumishi anayenong'ona tarehe ya uthamini kwa shemeji yake amefanya tegesha hata kama hakuchimba shimo moja la nguzo.

Pamoja na hayo, chakula cha tegesha ni ucheleweshaji. Muda kati ya fununu ya kwanza na tarehe ya ukomo ukiwa wiki mbili, vibanda vitakuwa vichache. Ukiwa miaka miwili, hata mtu mwaminifu hushawishika, maana anaona wenzake wanajenga naye amekatazwa hata kukarabati. Kisha vibanda huleta ubishi, ubishi huleta uhakiki, uhakiki huleta kuchelewa kwingine, na kuchelewa huleta vibanda vipya. Mduara huo hauvunjwi kwa polisi. Unavunjwa kwa kutangaza tarehe ya ukomo katika mkutano mkuu wa kijiji siku moja na kupiga picha za angani za eneo lote siku hiyo hiyo, kisha kuanza kupima wiki inayofuata. Kanuni za mwaka 2001 nazo zinasaidia, kwa kuwa posho ya makazi na ya usafiri hazilipwi kwa ardhi isiyokaliwa na mtu; na ushahidi wa nani anakaa wapi umo katika lile lile daftari la shule. Familia ambayo mtoto wake aliandikishwa darasa la kwanza mwaka 2009 kutoka kitongoji kile haiwezi kuitwa tegesha na yeyote.

Wapo watakaosema kwamba haraka ni adui wa mwananchi. Kwamba mthamini akikimbia atasahau choo, kisima na miti ya kivuli, na mwenye mali atapunjwa. Hofu hiyo ina msingi, hasa pale mthamini anapolipwa na mwekezaji, na wananchi wanajua kabisa nani anamlipa. Ndiyo sababu haraka inayotetewa hapa si ya kumkimbiza mwenye utepe wa kupimia. Nyumbani kwa mwananchi mthamini akae muda wote unaohitajika, na mwenye mali asomewe kwa lugha anayoielewa yote yaliyoandikwa kabla ya kutia sahihi, apewe nakala. Mzee ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu asomewe kwa Kikurya. Mwalimu kijana aliyezaliwa hapo anaweza kufanya kazi hiyo Jumamosi, naye atakuwa ametoa elimu ya watu wazima iliyo na faida ya papo hapo. Mwenye mali aliyeandaa orodha yake mwenyewe, akahesabu miti yake na watoto wake jioni iliyotangulia, hapunjwi kirahisi wala habishani bure.

Haraka inayotakiwa zaidi ni ile ya baadaye, ya ofisini. Jedwali la fidia likikamilika huondoka kijijini, likapita kwa viongozi wa wilaya na mkoa hadi kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kwa kuidhinishwa. Makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime yako Nyamwaga, mwendo mfupi kutoka mgodini; kwa hiyo umbali si kisingizio katika hatua za mwanzo. Kinachotokea ni kwamba jalada hufika siku ambayo mwenye sahihi yuko safarini, huwekwa chini ya mengine, hurudishwa kwa sababu ya ukurasa mmoja uliokosa mhuri, na hakuna mtu kijijini anayejua liko kwa nani. Urasimu wa namna hii hauna mkosaji, ndiyo maana hauna mwisho.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imejaribu kuuwekea kikomo. Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu alipoidhinisha. Ikizidi hapo, inatozwa riba. Na uthamini wenyewe huisha nguvu baada ya miaka miwili, ikalazimu kazi irudiwe. Waliotunga kifungu hicho bila shaka walikumbuka habari kama za Kipawa, Dar es Salaam, ambako wakazi waliopisha upanuzi wa uwanja wa ndege walifanyiwa uthamini mwaka 1997, na wengi wakangoja zaidi ya miaka kumi kabla ya kuona fedha, huku bei ya tofali na ya kiwanja ikiwa imepanda mara nyingi. Hata hivyo kikomo hicho kina pengo ambalo watumishi wanapaswa kuliona. Miezi sita huanza kuhesabiwa siku ya kuidhinishwa, si siku ya kupimwa. Jalada likilala mwaka mzima kabla ya kumfikia Mthamini Mkuu, hakuna riba inayohesabiwa, na saa ya sheria haijaanza kugonga, ingawa saa ya mwenye nyumba ilianza siku ile alipowekewa namba ukutani.

Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa agizo la kawaida la utawala, hata kabla ya Bunge kuliangalia. Kila ofisi iandike tarehe ya kupokea jalada na tarehe ya kulitoa, na nakala ya tarehe hizo irudi kijijini kila mwezi. Mtendaji aibandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, Kewanja, Kerende na kwingineko: jalada la eneo fulani, idadi ya wenye mali, limepokelewa wilayani tarehe fulani, limetoka tarehe fulani, sasa liko mkoani kwa siku ya kumi na tisa. Asiyejua kusoma atasomewa na mwanawe anaporudi shuleni.